Maji ya injini yamekuwa chai ya maziwa: hedi isiguswe kwanza

Swali limetoka Kilindoni, Mafia. Mwenye boti anaandika hivi:

"Shikamoo fundi. Nina boti ya mbao inayobeba mizigo na abiria kwenda Nyamisati. Injini ni ya dizeli, ya ndani, silinda 6. Ina tangi lake la maji, na maji hayo yanapozwa na maji ya bahari kwenye lile pipa la mirija lililo ubavuni. Wiki 3 zilizopita nilifungua kifuniko nikakuta maji yamekuwa kama chai ya maziwa, juu kuna utando mzito. Oili ya injini naongeza kama lita 1 kila safari 2. Kwenye kijiti oili ni nyeusi tu, haina maziwa. Oili ya giaboksi haijashuka. Joto limepanda kidogo, kutoka nyuzi 80 hadi kama 88. Moshi ni ule ule. Mwezi uliopita kijana wangu aliongeza kulanti (dawa ya maji ya kupozea injini) ya rangi nyingine, na kifuniko cha tangi ni cha gari, kile chake kilipotea. Fundi wa hapa anasema ni gasketi ya hedi, anataka kuifungua kesho kutwa. Nimkubalie? Na nikishasafisha, nijaze maji ya kisima?"

Marahaba, kaka. Mwambie fundi wako asubiri kwanza. Hedi ya silinda 6, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, ikishafunguliwa hairudi hivi hivi: utataka gasketi mpya, lile bapa la kuziba chini yake, pengine na bolti mpya, na hedi yenyewe ipelekwe kwenye mashine ikapimwe kama bado imenyooka. Kwa mtu wa Mafia hiyo ni safari ya kuvuka hadi Dar es Salaam na kurudi, boti imelala, abiria wamehamia kwa mwenzako. Na dalili ulizoniandikia, nikizisoma moja moja, nyingi hazielekei kwenye hedi.

Simlaumu fundi. Oili na maji vikikutana, gasketi ya hedi ndiyo inayomjia kila mtu mdomoni, kama malaria kwa kila mwenye homa. Hata mimi liliwahi kunikuta, Tanga. Boti ya uvuvi, injini ndogo kuliko yako, maji yake vilevile chai. Nikafungua hedi asubuhi, gasketi nikaikuta haina alama hata moja ya kuvuja, zile pete za chuma zinazozunguka silinda zinang'aa. Badala ya kusimama nikajiuliza, nikajiambia labda panapovuja hapaonekani kwa macho. Nikaweka mpya, nikakaza, nikalipwa. Baada ya safari 2 nahodha akaja kibarazani nilipokuwa nanywa chai, akaweka kopo mezani, hakusema neno. Ndani ya kopo na ndani ya kikombe changu rangi ilikuwa moja. Mchana ule ndipo nilipotoa kipoza oili, kifaa kinachopoza oili kwa maji, nikakizamisha kwenye karai la maji ya moto na kukijaza upepo, na vipovu vikapanda vyembamba kama uzi wa kushonea. Hela ya ufundi nilimrudishia. Ya gasketi ilishakwenda.

Kwa hiyo twende pole pole, tukianza na swali ambalo hukuliuliza: hiyo ni oili kweli?

Nauliza kwa sababu ya ile kulanti ya kijana wako. Kulanti si soda kwamba ukichanganya ya chungwa na ya kijani unapata ladha mpya. Ziko zinazotumia silikati na ziko zinazotumia asidi za kikaboni, na aina hizo zikikutana zinaweza kugombana zikaganda, ukapata rojo la kahawia ambalo mtu yeyote akiliona ataapa ni oili. Rangi ya kopo haisaidii sana, maana kila kiwanda hutia rangi kinayoitaka. Kutu nayo ina mchezo wake: maji matupu yaliyokaa muda mrefu ndani ya chuma yanakuwa mekundu mazito, na mkono ulioshika grisi ukiyagusa unahisi ni mafuta. Lita 1 unayoongeza kila safari 2 inanifanya niamini ni oili, lakini injini ya boti ya mbao inaweza kumwaga lita 1 kwenye ngama, kule chini ya boti yanakokusanyika maji, na usijue. Je, ngama umeitazama? Kama maji ya ngama yana utando mweusi, sehemu ya oili yako inapotelea huko.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, chukua chupa 2 za plastiki zinazoonyesha ndani. Ya kwanza ijaze kwa kuchota juu tangini. Ya pili ijaze kutoka chini, kwenye koki ya kutolea maji iliyo ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa injini. Usiridhike na ya juu peke yake: oili huelea, hivyo tangi linaweza kuonekana limejaa oili kumbe ni kikombe kimoja tu kilichopanda, au ukapangusa utando ukadhani umemaliza kumbe bloku nzima imejaa. Andika "SUMU" kwa herufi kubwa kwenye chupa zote mbili na uziweke mbali na watoto. Kulanti nyingi zina ladha tamu, na ile tamu ndiyo inayoua figo. Ipo tabia ya mafundi wa zamani kuonja maji ya injini kwa ncha ya ulimi wajue kama yana chumvi. Usiifuate.

Ziache chupa zitulie siku nzima. Yakigoma kutengana, zisimamishe ndani ya sufuria ya maji ya moto, si yanayochemka, kwa saa nzima. Joto huvunja ule muungano. Kama ni oili, juu patakaa tabaka jeusi au la kahawia lenye kung'aa na chini maji yaanze kuonekana. Kama ni kulanti zilizogombana, hutaona tabaka, utaona mabonge kama uji wa muhogo uliopoa. Kisha chovya kijiti juu ya chupa na udondoshe tone kwenye karatasi nyeupe. Maji yatakauka yaende zake. Oili ya injini itaacha duara jeusi katikati na pindo la mafuta ambalo hata kesho halijakauka. Dizeli itatambaa mbali, doa lake jepesi, na pua itakwambia kabla ya jicho. Ikinuka dizeli niandikie upya, maana hapo tunazungumzia vile vikombe vya shaba vinavyoshika injekta ndani ya hedi kwenye baadhi ya injini, na hiyo ni hadithi nyingine kabisa.

Angalia na rangi. Oili ya injini ya dizeli ina masizi, kwa hiyo ikipigwapigwa na maji inatoa rangi ya chai au ya kijivu. Giaboksi nyingi za boti hutumia oili nyekundu nyepesi, na hiyo ikichanganyika na maji inakuwa ya waridi, kama maziwa yaliyotiwa sharubati ya rozi. Wewe umesema chai. Umesema pia giaboksi haijashuka. Vitu viwili hivyo vinakubaliana, ila chomoa kijiti cha giaboksi utazame rangi ya oili yake, maana ziko giaboksi zinazotumia oili ile ile ya injini.

Tuseme chupa zimesema ni oili ya injini. Imepitaje?

Hapa ndipo penye siri yote, na siri yenyewe ni presha. Injini ikiwa kazini, oili inasukumwa kwa pauni 40 hadi 60 hivi kwa kila inchi ya mraba. Maji ya tangi, hata kifuniko kikiwa kizima, hayafiki mbali ya pauni 15, kwa sababu kifuniko kimetengenezwa kuachia kabla ya hapo. Popote palipo na tundu kati ya oili na maji, oili ndiyo itakayovuka kwenda kwenye maji muda wote injini inapozunguka. Ukizima, kibao kinageuka. Oili inashuka hadi sifuri ndani ya sekunde chache, lakini maji bado ni ya moto na bado yamebanwa, yanaweza kukaa na presha nusu saa au zaidi. Sasa ni zamu ya maji kurudi kwenye oili kupitia tundu lile lile. Ndiyo maana ukiamka asubuhi baada ya safari ndefu unaweza kukuta oili imepanda kwenye kijiti na imeanza kuwa maziwa.

Wewe oili yako ni nyeusi tu. Mtu atakwambia basi tundu ni dogo, au si tundu. Mimi naangalia kile kifuniko cha gari. Kama hakikai sawasawa kwenye mdomo wa tangi, maji yako hayana presha kabisa, yanapumua tu. Na maji yasiyo na presha ni vigumu kurudi kwenye oili hata kama tundu lipo. Kwa maneno mengine, kifuniko kibovu kimekuwa kikikuokolea oili na wakati huo huo kikikuficha ugonjwa. Usikibadilishe kabla hatujajua tundu liko wapi. Ukiweka kizima leo, kesho maji yataanza kuingia kwenye oili, na beringi za krenki hazipendi maji.

Washukiwa ni wachache. Oringi za layna, pete za mpira zinazoziba chini ya mikono ya silinda, ziache: zikioza, maji hushuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, lakini oili haipandi kupitia pale, kwa sababu chini ya pistoni hakuna presha ya kuisukuma. Pampu ya maji ya chumvi nayo iache kwa leo, kwa kuwa maji yake hayapiti kwenye tangi lako. (Ila ukiwa huko, tazama chini ya shingo ya pampu hiyo kama ni ile inayoendeshwa na gia. Kuna kitundu kidogo kati ya sili ya maji na sili ya oili, kimewekwa makusudi ili sili ikifa, kinachovuja kidondoke nje ukione. Nimekuta boti 3 ambazo kitundu hicho kimepakwa rangi na vijana wenye bidii. Kikiziba, maji ya chumvi yanaweza kupita hadi kwenye oili bila kukuaga.)

Wanabaki kipoza oili cha injini, kipoza oili cha giaboksi, na hedi yenyewe, gasketi au ufa.

Cha giaboksi kinategemea mabomba yako yalivyofungwa. Injini ikiwa imewaka dakika 20, pitisha mkono karibu na kila mpira wa maji bila kuukamata. Ile ya baridi inabeba maji ya bahari, ile ya moto ni ya tangi. Kwenye boti nyingi kipoza cha giaboksi kiko kwenye njia ya maji ya bahari. Kikitoboka, oili inatoka na maji ya eksozi na unaona rangi za upinde wa mvua juu ya maji nyuma ya boti, na ukizima chumvi inaweza kuingia kwenye giaboksi. Tangi halichafuki. Kama chako kiko kwenye mpira wa baridi, mfute kwenye orodha. Upinde wa mvua kwenye eksozi peke yake, tukiwa hapo hapo, usikutishe sana wakati wa kuwasha: dizeli isiyoungua vizuri injini ikiwa baridi hufanya hivyo hivyo, na nozeli mbovu hufanya kutwa nzima.

Kuhusu hedi, gasketi inapokufa mara nyingi hufia kwenye silinda, na hapo moshi wa ndani huingia kwenye maji. Utaona tangi linabubujika, mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe dakika 1 au 2 tu baada ya kuwasha injini baridi, maji yanarushwa nje, na eksozi inatoa moshi mweupe asubuhi. Wewe hukuandika hata kimoja. Lakini sitakudanganya kwamba hedi imesafishika kabisa: kuna njia ya oili inayopanda kwenda kulainisha roka, vile vyuma vinavyofungua valvu, na gasketi ikikatika pale tu, kati ya njia hiyo na njia ya maji, utapata dalili hizi hizi ulizonazo bila povu wala moshi. Hutokea, ila si mara nyingi. Kwa hiyo hedi inabaki kwenye foleni, mwishoni.

Kama ningelazimika kuweka hela yangu leo, ningeiweka kwenye kipoza oili cha injini, kile mafundi tunachokiita oili kula (Kiingereza: oil cooler). Ni kopo au bloku ya shaba na chuma iliyofungwa ubavuni mwa injini karibu na filta. Ndani yake kuna mirija au sahani nyembamba, upande mmoja oili, upande wa pili maji ya tangi. Ukuta unaovitenganisha ni mwembamba, na kwa miaka mingi unatetemeshwa na injini na kuliwa na maji yasiyo na dawa. Ndipo penye udhaifu.

Kukithibitisha hakuhitaji mashine. Kama kipoza chako kiko nje na kina mipira yake miwili ya maji, fanya hivi. Toa maji tangini. Chomoa mipira hiyo miwili kwenye kipoza, kisha iunganishe yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba na klipu, ili injini ibaki na mzunguko wa maji. Jaza maji masafi tangini. Midomo ya maji ya kipoza iache wazi, uikaushe kwa kitambaa, na uweke karai jeupe chini. Washa injini mwendo wa chini, usiingize gia. Upande wa oili umebaki umeunganishwa, una presha, na hakuna maji ya kuuficha. Kaa na tochi. Kama kipoza kimetoboka utaona mdomo wa maji, ambao ulikuwa mkavu, unatoa unyevu mweusi, kisha tone, kisha tone jingine. Mimi huwa namwita mwenye boti ashike tochi yeye mwenyewe. Akishaona tone lile kwa macho yake, mabishano yameisha. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, usizidishe, kwa kuwa oili haipozwi.

Lisipotoka tone, bado usikisamehe. Nyufa nyingine hufunguka zikiwa za moto tu. Kitoe, kioshe kwa dizeli, kifute. Ziba mdomo mmoja wa oili kwa kipande cha mpira na sahani ya chuma, mdomo wa pili uufunge valvu ya tairi. Kizamishe kwenye karai la maji ya moto kiasi cha kutovumilika kwa mkono, subiri chuma kishike joto, kisha pampu ya baiskeli hadi pauni 30 au 40. Vipovu vya kwanza vitakuwa vile vilivyong'ang'ania nje, visugue viondoke. Halafu tulia. Tundu dogo linatoa kipovu kimoja baada ya kingine kutoka mdomo wa maji, mahali pale pale, kama samaki anayepumua. Kaa dakika 15. Mwenye haraka ndiye anayerudisha kipoza kibovu mahali pake.

Kipoza kikiwa kizima kwa majaribio yote mawili, ndipo zamu ya hedi. Hata hapo usianze na spana. Kwanza azima pampu ya kupimia rejeta, zile za mafundi wa magari, ifunge kwenye mdomo wa tangi injini ikiwa imezimwa, toa nati ya sampu oili yote imwagike, kisha jaza presha kiasi kilichoandikwa kwenye kifuniko cha asili cha injini yako na uiache nusu saa. Matone ya maji yakidondoka kwenye tundu la sampu, njia iko ndani ya injini, na fundi wako wa Kilindoni atakuwa na haki ya kufungua. Akifungua, asiridhike na kubadilisha gasketi. Aweke rula ya chuma juu ya hedi na apitishe filagaji (vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake, na vipimo avisome kwenye kitabu cha injini hiyo, si vya injini anayoikumbuka. Akiona gasketi haina kidonda, hedi iende ikapimwe ufa.

Wakati haya yanaendelea, boti isibebe abiria. Najua ni maneno mepesi kwangu niliye nchi kavu. Lakini tundu la leo linalokula lita 1 kwa safari 2 halina mkataba na wewe. Likipasuka, pampu ya oili itamwaga sampu nzima kwenye tangi kwa dakika chache, na injini itakwama katikati ya mkondo huku kusi inavuma. Joto lako lililopanda kutoka 80 hadi 88 ni oili iliyokwisha kupaka kuta za ndani. Chuma kilichopakwa oili hakitoi joto vizuri kwa maji.

Sasa tuchukulie ni kipoza. Cha sahani zilizochomelewa hakitengenezeki, nunua kipya. Cha mirija, ambacho unaweza kuona ncha za mirija ukifungua vifuniko, kinaweza kuzibwa mrija mmoja au miwili iliyotoboka kwa vigingi vya shaba pande zote mbili, kikakusogeza mbele hadi kipya kifike. Kuchomelea risasi ndani sikushauri, joto la kuchomelea mrija mmoja hulegeza jirani yake. Na zile dawa za kuziba rejeta zinazouzwa kwenye vichupa, zitazame tu dukani. Tundu lenye oili ya pauni 50 nyuma yake hazilizibi, ila mirija myembamba ya pipa la maji ya bahari zinaiziba vizuri sana.

Kusafisha ndiko kutakakokuchosha kuliko ukarabati. Oili ikishakuwa nzito kama tui la kasimile hukaa kwenye pembe zote za bloku. Toa termostati, ile valvu inayofungua njia ya maji kwa joto, ili maji yazunguke kote. Jaza maji masafi na sabuni isiyo na povu jingi. Ile ya unga ya mashine za kuoshea vyombo ndiyo bora ukiipata Dar, na ukikosa, tumia sabuni ya unga ya kawaida kidogo sana, nusu kikombe kwa tangi zima, la sivyo povu litajaa hadi darini. Usitie kostiki soda, inakula aluminiamu. Washa injini, maji yapate moto sawasawa, iache nusu saa, zima, na uyamwage yakiwa bado ya vuguvugu kabla oili haijakaa tena. Rudia. Mara 3 ni kawaida, mara 5 sitashangaa. Malizia kwa maji matupu mara 2 kuondoa sabuni. Mipira ya maji ikamue kwa vidole: iliyovimba na kuwa laini kama andazi imekwisha kunywa oili, itupe yote, pamoja na raba ya termostati. Badilisha oili ya injini na filta hata kama inaonekana nzuri, kisha weka kifuniko kipya cha presha inayotakiwa, sasa ndiyo wakati wake. Baada ya saa 10 za kazi chota tena chupa yako ya mtihani. Nukta chache za oili zinazoelea ni mabaki. Utando mpya si mabaki.

Yale machafu yote yajaze kwenye madumu uyapandishe pwani. Yasiingie kwenye ngama ukayapampu usiku. Papa potwe wanakula juu juu ya maji hapo hapo mbele ya Kilindoni, na wageni wanaolipa kuogelea nao ndio wanaonunua samaki wa jirani zako.

Ukiwa umefungua huku, chungulia na zinki ya kwenye pipa la maji ya bahari, kile kipande kinacholiwa na chumvi badala ya chuma. Ikiwa imebaki nusu, badilisha. Nyuzi zake usizizungushie tepu nyeupe ya mabomba, zinki lazima iguse chuma ndipo ifanye kazi.

Maji ya kisima, hapana. Visima vingi vya visiwani vina chumvi hata kama ulimi umeizoea, na chumvi ndiyo itakayotoboa kipoza kipya. Tumia maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta (yale matupu ya kuongezea, si asidi), au maji ya mvua. Kulanti iwe ya aina moja tu, na kama ni ile nzito ichanganye kama kopo linavyosema. Iliyokwisha kuchanganywa kiwandani usiiongeze kitu. Mvua ukiikinga kwenye bati, mvua ya kwanza iache ioshe paa, maana bati la pwani limejaa chumvi ya upepo. Kinga ya pili, uichuje kwa kitambaa, na dumu uliandike "INJINI" kabla watu wa nyumbani hawajalipikia chai.